Mhadhiri Kumwongoza Mhadhiri: Rika au Ngazi Mpya?

Mwalimu wa shule ya msingi hapa nchini haingii darasani mpaka amepitia chuo cha ualimu. Huko hujifunza saikolojia ya mtoto, utaratibu wa kuandaa somo, namna ya kuuliza swali na namna ya kupima jibu. Kabla ya kupewa cheti hupelekwa kufundisha kwa mazoezi huku mkufunzi wake amekaa nyuma ya darasa na kalamu mkononi. Akisha kuajiriwa, mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, unamtaka akutane na wenzake katika jumuiya ya kujifunza ya shule yake ili wasaidiane juu ya mada zinazowashinda.

Mhadhiri wa chuo kikuu, isipokuwa yule aliyesomea ualimu wenyewe, hupita njia nyingine kabisa. Huchaguliwa kwa sababu alipata alama za juu katika shahada yake ya kwanza. Hupelekwa kusomea shahada ya pili na ya tatu, hurudi, na hukabidhiwa ukumbi wenye mamia ya vijana. Hakuna anayemwuliza kama anajua kufundisha. Basi hufundisha kama alivyofundishwa yeye, na aliyemfundisha naye alifanya hivyo hivyo. Matokeo yake ni hali ya kushangaza: kadiri mtu anavyopanda ngazi za elimu, ndivyo anavyodaiwa kidogo ujuzi wa kufundisha.

Katika miaka ya karibuni jibu moja limetolewa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Badala ya kuita wataalamu kutoka nje kila mara, wahadhiri wachache huandaliwa, kisha wao wenyewe huwaongoza wenzao katika kujifunza namna bora ya kufundisha. Makala haya yanaliunga mkono jibu hilo. Lakini kuunga mkono jambo si kulishangilia. Wajibu wetu ni kulichambua ili tujue lina nguvu wapi, lina udhaifu wapi, na udhaifu huo unatokana na nini.

Hoja yetu ni hii. Uongozi kati ya watu walio sawa hausimami juu ya kitabu cha mafunzo, wala juu ya cheo, wala juu ya fedha ya mradi. Unasimama juu ya darasa lililo wazi. Yule anayeongoza lazima awe wa kwanza kufungua mlango wa darasa lake ili wenzake waingie, waone na wamkosoe. Pasipo hilo, neno "rika" litakuwa pambo tu, na kitakachojengwa ni ngazi mpya ya vyeo juu ya zile zilizopo.

Tulikotoka

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Hivyo kipimo cha taaluma kilitoka London tangu siku ya kwanza. Mwaka 1963 chuo kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Vyeti vilibadilika jina. Kilichokuwa kigumu zaidi kubadilisha ni desturi ya ndani ya ukumbi wa mihadhara.

Baada ya Azimio la Arusha na kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, mjadala mkali ulianza Mlimani. Machi mwaka huohuo uliitishwa mkutano juu ya nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Katika miaka iliyofuata zilianzishwa kozi zilizovuka mipaka ya idara, ambazo hazikuweza kufundishwa na mtu mmoja peke yake. Kutokana na juhudi hizo ilizaliwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo mwaka 1973. Hicho ndicho kipindi ambacho Walter Rodney alifundisha Mlimani, kwanza mwaka 1966 hadi 1967, kisha tangu 1969 hadi 1974.

Wahadhiri wa wakati huo walikuwa wakijifunza wao kwa wao. Mwanahistoria alilazimika kumsikiliza mchumi, na mchumi alilazimika kumjibu mwanasheria. Hakuna aliyepewa posho kwa kubishana. Hata hivyo hatuna budi kuona upungufu wa kipindi kile. Walibishana kwa nguvu zote juu ya kitu gani kifundishwe na kwa faida ya nani. Hawakubishana kwa uzito uleule juu ya namna ya kufundisha. Mtu aliweza kutoa mhadhara wa kimapinduzi kwa mtindo uleule wa zamani: yeye anasema, wao wanaandika, na siku ya mtihani wanamrudishia maneno yake. Yaliyomo yalibadilika, lakini uhusiano kati ya msemaji na msikilizaji ulibaki ulivyokuwa.

Leo tumetumbukia katika kosa la upande wa pili. Semina za kufundisha wahadhiri huzungumzia namna, namna, namna: vikundi, karatasi za ukutani, maswali ya kuchochea fikra, vishikwambi. Swali la kitu gani na kwa faida ya nani hulisikii. Yote mawili ni sehemu ya jambo moja, na mwenye kuyatenganisha huharibu yote mawili.

Mradi wa 2018 hadi 2021

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja uliofanyika kweli. Kati ya mwaka 2018 na 2021 ulifanyika mradi ulioitwa kwa kifupi TESCEA, wenye shabaha ya kubadili ufundishaji ili mhitimu aweze kufikiri na kutatua matatizo ya jamii yake. Vyuo vikuu vinne vilishiriki: Mzumbe na Dodoma kwa upande wa Tanzania, Gulu na Uganda Martyrs kwa upande wa Uganda. Shirika la INASP la Oxford liliratibu, na miongoni mwa washirika kilikuwapo chama cha wahadhiri cha AFELT chenye makao Kenya. Fedha zilitoka kwa serikali ya Uingereza.

Vyuo hivyo havifanani. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya kuwafunza watumishi wa serikali za wenyeji, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, kisha chuo kikuu mwaka 2001. Dodoma ilianza mwaka 2007, na ukumbi wa Chimwaga uliokuwa wa Chama ukawa sehemu yake. Gulu ilianzishwa mwaka 2002, katika eneo lililokuwa bado vitani. Uganda Martyrs, kilichoko Nkozi, ni chuo cha Kanisa Katoliki kilichoanza mwaka 1993. Kwamba njia moja iliweza kujaribiwa katika mazingira manne namna hiyo ni jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Wahadhiri waliochaguliwa walijifunza kupanga upya kozi zao kwa kuanzia mwisho: mhitimu anatakiwa aweze kufanya nini? Kutokana na jibu hilo ndipo walipoamua atapimwaje, na kutokana na kipimo ndipo walipoamua atafanya nini darasani. Waajiri na watu wa jamii waliitwa katika vikao vya ushauri. Suala la usawa kati ya wanafunzi wa kike na wa kiume liliingizwa katika upangaji wa somo lenyewe. Kisha wahadhiri hao wakawa waongozaji wa wenzao.

Mambo matatu katika njia hii ni mema bila shaka. Kwanza, anayeongoza anafundisha chuo hichohicho, hivyo anajua ukumbi upi hauna vipaza sauti na umeme hukatika saa ngapi. Pili, kazi inafanywa juu ya kozi halisi ambayo mhadhiri ataifundisha muhula ujao, wala si juu ya mfano wa kitabuni. Tatu, mwongozaji haondoki. Mtaalamu wa nje hupanda ndege siku ya Ijumaa. Mhadhiri mwenzako utakutana naye Jumatatu kwenye korido na kumwambia kwamba ulilojaribu limekushinda. Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 na safari za kimataifa zikasimama, ukweli huo ulionekana wazi zaidi. Mgeni hakuweza kuja, mwenzako alikuwapo.

Neno "kuzidisha"

Pamoja na wema huo, kuna mambo ya kukosoa, na tuanze na jina. Wahadhiri waongozaji waliitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya "wazidishaji". Jina si jambo dogo. Linaonyesha mtu anafikiri nini juu ya kazi anayoipa jina.

Kuzidisha ni kuchukua kitu kilichopo na kukifanya kiwe kingi. Kitu chenyewe hakibadiliki. Aliyejifunza wa kwanza huwafundisha kumi, na hao kumi kila mmoja huwafundisha kumi wengine, na kwenye karatasi tunapata mia moja. Lakini sifuri ukiizidisha mara elfu bado ni sifuri. Na hata kilicho chema, kikipita mikono mingi, hupungua. Ni kama chai inayomiminwa kutoka birikani kwenda kikombeni na kutoka kikombeni kwenda kwenye kisahani: kila unapomimina kuna kinachomwagika. Yule wa tatu hupokea vichwa vya habari tu. Anajua kwamba wanafunzi wawekwe katika vikundi, lakini hajui kwa nini, wala afanye nini vikundi vikikaa kimya.

Kuna kasoro kubwa zaidi. Dhana ya kuzidisha inamfanya mhadhiri mwongozaji awe mchukuzi wa ujuzi wa mtu mwingine. Swali linaandaliwa mahali pengine, jibu linaandaliwa mahali pengine, yeye hupewa kijitabu akisambaze. Huyo si kiongozi, ni tarishi. Kiongozi wa kweli kati ya wenzake huanza na swali linalowauma wao: kwa nini nusu ya darasa hushindwa katika sura ya nne kila mwaka? Kwa nini wanafunzi wa kike waliokuwa hodari kidato cha sita hawasemi neno katika semina? Kwa nini mtu anapata alama A katika uhasibu, kisha akifika halmashauri hawezi kusoma daftari la fedha la kijiji? Kijitabu kinaweza kusaidia kujibu. Hakiwezi kuuliza badala yetu.

Tuchukue somo hilo la mwisho. Mhadhiri wa uhasibu wa serikali za mitaa anaweza kutumia saa mbili kusoma tafsiri za maneno, na wanafunzi wakanakili, na walio nje ya ukumbi wakapata madesa baadaye kwa kunakilisha. Anaweza pia kuwapa hesabu za kijiji cha mfano zenye mianya, na kuwaambia watafute fedha ilipopotea na waeleze wangelisemaje jambo hilo mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Katika njia ya pili mwanafunzi hujifunza uhasibu uleule, lakini anajifunza pia kwamba uhasibu ni jambo la haki kati ya watu. Hapo ndipo namna na maudhui vinapokutana. Semina inayohubiri namna peke yake haifiki hapo.

Rika na cheo

Katika mila za makabila yetu mengi, rika ni wale waliopita jandoni pamoja. Mwanarika ana haki ya kumwambia mwenzake ukweli usoni bila kuonekana mtovu wa adabu. Haki hiyo haitokani na elimu yake wala umri wake. Inatokana na kuwa walivumilia pamoja, kila mmoja akiwa amemwona mwenzake katika udhaifu wake.

Je, wahadhiri ni rika? Chuo kikuu ni mahali penye ngazi nyingi: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Mhadhiri msaidizi anayechaguliwa kuwaongoza wenzake anaweza kumkuta katika kikundi chake profesa ambaye ndiye msimamizi wa tasnifu yake. Atamwambia nini? Atamwambia kwamba somo lilikuwa zuri sana. Upande wa pili, profesa akiwa ndiye mwongozaji, kijana atafungua daftari na kuandika kila atakaloambiwa. Katika hali zote mbili hakuna aliyekosolewa na hakuna aliyejifunza. Kikao kimefanyika, picha zimepigwa, mahudhurio yamesainiwa.

Tena kuna suala la taarifa. Ikiwa mwongozaji anatakiwa kuandika kwa mkuu wa idara kwamba fulani anafundisha vizuri na fulani anafundisha vibaya, basi amekwisha kuacha kuwa mwenzao. Amekuwa nyapara. Na mbele ya nyapara watu huigiza. Siku ya kutembelewa vikundi vitapangwa, maswali yataulizwa, wanafunzi hodari watakaa mbele. Kesho yake mhadhiri atarudi kwenye kusoma maandishi yake ya miaka mingi iliyopita.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba anayeongoza lazima aanze yeye. Hilo ni sharti la kazi yenyewe, wala si suala la unyenyekevu tu. Mwongo au mkweli hujulikana hapo. Mwongozaji awaambie wenzake: njooni Alhamisi saa nne katika darasa langu, kaeni nyuma, andikeni mnachokiona. Wahesabu dakika alizosema kabla ya kuuliza swali la kwanza. Waangalie ni nani alijibu na ni nani hakuangaliwa hata mara moja. Waandike ni saa ngapi kalamu ziliacha kuandika na simu zikaanza kutolewa. Kisha wakae naye wamwambie. Baada ya hapo tu ndipo atakapokuwa na haki ya kwenda kukaa nyuma ya darasa la mwingine.

Si lazima mtazamaji awe wa somo hilohilo. Mhadhiri wa sheria akikaa katika somo la kilimo anafaa sana, kwa sababu hajui. Yuko katika hali ya mwanafunzi. Mahali atakapopotea yeye ndipo wanafunzi walipopotea, na hana uwezo wa kujaza pengo kwa ujuzi wake.

Posho, alama na lugha

Sasa tuingie katika hali halisi ya maisha, kwa maana watu hawaishi kwa nia njema peke yake. Mhadhiri hupandishwa cheo hasa kwa makala alizochapisha katika majarida ya kitaaluma. Kila makala ina hesabu yake. Kumsaidia mwenzako muhula mzima kupanga upya kozi moja kwa kawaida hakuna uzito wowote wa kulinganishwa na huo. Chuo kinachosema kwa mdomo kwamba ufundishaji ndiyo kazi yake ya kwanza, lakini katika jedwali la kupandisha vyeo kinauweka ufundishaji mwisho, kinawafundisha wahadhiri wake unafiki, nao ni wanafunzi wepesi kuelewa.

Pengo hilo ndilo linalojazwa na posho. Semina yenye posho hujaa. Isiyo na posho hubaki na viti. Si haki kuwalaumu watu wenye mishahara midogo na majukumu mengi. Lakini lazima tuone kinachotokea: kujifunza kufundisha, ambako kungekuwa sehemu ya kazi, kunageuka kuwa kibarua cha nje kinacholipwa na mfadhili. Mfadhili akimaliza muda wake, kibarua kinakwisha. Novemba 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza kupunguza msaada wake kwa nchi za nje kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi asilimia 0.5 kuanzia 2021. Uamuzi huo ulikuwa haki yao kuufanya. Fedha ni zao. Swali linatuhusu sisi: je, ni jambo la busara kwamba mhadhiri wa Mzumbe akutane au asikutane na mwenzake kwa kutegemea bajeti inayopangwa London?

Wala tusidhani kwamba mkopo ni tofauti sana. Mwaka 2021 ulianza mradi wa HEET kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, kwa ajili ya majengo, maabara, mitaala na kusomesha wahadhiri. Majengo yanahitajika na maabara zinahitajika. Lakini kukaa nyuma ya darasa la mwenzako na kumwambia ukweli hakuhitaji dola. Kunahitaji muda uliowekwa katika ratiba, na ratiba ni mali yetu wenyewe.

Jambo la tatu ni lugha. Katika semina za namna hii ambazo nimezishuhudia hapa nchini, mjadala rasmi huendeshwa kwa Kiingereza. Wahadhiri hutoa taarifa za vikundi kwa sentensi za tahadhari, kila mmoja akichunga asikosee. Inapofika saa ya chai, wakiwa na vikombe mkononi, ndipo huanza kusema wanayofikiri, na husema kwa Kiswahili. Hapo utasikia mtu akikiri kwamba wanafunzi wake hawamwelewi, kwamba akiuliza "mmeelewa?" hujibiwa "ndiyo" na ukumbi mzima, na kwamba yeye mwenyewe anajua si kweli. Kengele ikilia hurudi ukumbini na ukweli huo hubaki kwenye vikombe. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari na elimu ya juu; pendekezo hilo halikutekelezwa. Hatukusudii kumaliza hapa mjadala mrefu namna hiyo. Tunasema tu kwamba watu wanaotaka kukosoana kwa dhati lazima watumie lugha wanayoweza kukosoana nayo.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba mhadhiri ni mtaalamu wa somo lake, na anayelijua somo ataweza kulifundisha. Kila aliyewahi kuwa mwanafunzi anajua kwamba si kweli. Kujua somo ni sharti la lazima lakini halitoshi, kama vile kuwa na mbegu bora si kujua kulima.

Wapo wanaosema kwamba tatizo ni wingi: mpe mtu wanafunzi mia sita na viti mia nne, kisha umhubirie juu ya majadiliano! Hoja hii ina ukweli ndani yake, na wanaoongoza semina wasiikwepe. Hakuna mbinu inayoongeza viti. Anayemwambia mhadhiri kwamba mbinu mpya itaondoa uhaba wa majengo, vitabu na wahadhiri anamdanganya, na tena anawapa wakubwa kisingizio cha kutotenda. Lakini hata katika ukumbi wa mia sita kuna tofauti kati ya kusema saa mbili mfululizo na kusimama kila robo saa ili kila mtu amweleze jirani yake alichoelewa. Zaidi ya hayo, wahadhiri waliozoea kutazamana darasani watakuwa na ushahidi wa pamoja wa kuupeleka kwa uongozi wa chuo juu ya uhaba huo. Mmoja akilalamika huonekana mvivu. Kumi wakileta maandishi ya waliyoyaona katika kumbi kumi, lazima wasikilizwe.

Wapo pia wanaosema kwamba kufungua darasa kunahatarisha uhuru wa taaluma. Hoja hii inastahili heshima, kwa sababu uhuru huo ulipiganiwa. Mwezi Aprili 1990 vyama vya wanataaluma wa vyuo vya Tanzania vilipitisha Azimio la Dar es Salaam. Lakini kumbuka jina lake kamili: ni azimio juu ya uhuru wa taaluma na juu ya wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Walioliandika hawakutenganisha mambo hayo mawili. Uhuru unamlinda mhadhiri dhidi ya mwenye mamlaka anayetaka kumfunga mdomo. Haumlindi dhidi ya swali la mwenzake aliyekaa kiti cha nyuma. Ndiyo maana ni muhimu mwenzake huyo asiwe mpelelezi wa mkuu wa idara.

Nini kifanyike

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza mambo sita.

Kwanza, pasiwe na mhadhiri mwongozaji ambaye darasa lake halijatembelewa na kukosolewa na wale atakaowaongoza. Sharti hili liwatangulie wote, maprofesa wakiwa wa kwanza.

Pili, vikundi viwe vidogo, vya watu sita hadi wanane wa idara tofauti, na vidumu mwaka mzima. Semina ya siku tatu huamsha hamu, haibadili mazoea. Huko Marekani, Miami University ya Ohio ilianza tangu mwaka 1979 kuwaweka wahadhiri katika vikundi vya kujifunza vya mwaka mzima, na mtindo huo ukaenea katika vyuo vingine. Walimu wetu wa shule za msingi nao wanatakiwa kufanya hivyo katika jumuiya zao. Wahadhiri waliowafundisha walimu hao wasione haya kujifunza kutoka kwao. Uongozi wa kikundi uwe wa zamu, ili asizaliwe mwenye kikundi.

Tatu, yaliyoonekana darasani yabaki mali ya mwenye darasa. Kinachopelekwa kwa idara ni kozi iliyopangwa upya pamoja na kazi za wanafunzi zinazoonyesha kama mabadiliko yamesaidia.

Nne, kazi hii ihesabiwe. Iwe na saa zake katika ratiba na uzito wake katika kupandisha vyeo, kwa ushahidi wa kozi zilizobadilika, si kwa vyeti vya mahudhurio. Na chuo kiitengee fungu katika bajeti yake chenyewe, hata likiwa dogo. Fedha ya mradi ikija, isaidie kazi iliyopo. Isiwe ndiyo kazi yenyewe.

Tano, vikundi viendeshwe kwa lugha ambayo wanakikundi husemea ukweli. Hapa kwetu hiyo ni Kiswahili. Gulu watajua wenyewe yao.

Sita, katika kila kozi inayopangwa upya, maswali mawili yaulizwe pamoja: tunafundishaje, na tunamfundisha nani kwa faida ya nani? Wanafunzi waliokwisha kuipita kozi hiyo waitwe na wasikilizwe kabla ya kuandika neno la kwanza.

Hakuna katika haya linalongoja mfadhili, na machache tu yanangoja baraza la chuo. La kwanza linaweza kuanza wiki hii. Mhadhiri anayetaka kuwaongoza wenzake ampe mmoja wao ratiba yake ya wiki, amwonyeshe saa na ukumbi, na amtengee kiti cha nyuma.